Kamba Iliyolegezwa: Mfungaji Mizigo wa Gerezani na Boti Yake ya Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, Tarsis Nandonde amepiga magoti kwenye gati dogo la mbao, si mbali na kivuko cha Magogoni, akizungusha kamba kwenye nguzo. Anaizungusha mara mbili, anaipitisha chini, kisha mikono yake inasita. Anaitazama kamba hiyo, nene kama kidole gumba, ikining'inia kivivu kati ya nguzo na boti.

"Inauma," anasema kwa sauti ndogo.

"Nini kinauma, Baba Joyce? Mgongo?" anauliza mkewe, Leticia, kutoka ndani ya boti.

"Kamba. Kuiacha hivi."

Leticia anacheka. Mkaguzi wa vyombo vya majini, aliyesimama hatua tatu nyuma yao akiwa ameshika karatasi zake kwapani, hacheki. Anatazama kamba ya mbele, anatazama ya nyuma, anaandika kitu.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, bwana mkaguzi."

"Basi twendeni tukanywe chai. Tutarudi maji yakishakupwa."

Chai hiyo ndiyo mtihani wenyewe. Boti yao ya faiba, yenye urefu wa mita nane, imefungwa gatini ikiwa na katoni ishirini za sabuni na trei kumi za mayai. Maji yanashuka. Watakaporudi baada ya saa tatu, ikiwa boti imekaa sawa na mzigo umetulia, Tarsis na Leticia watarudishiwa kibali cha kusafirisha mizigo walichonyang'anywa wiki sita zilizopita. Ikiwa imekaa vibaya, kibali hakitarudi, na boti itauzwa kwa yeyote atakayeitaka.

Hawana kingine cha kurudia. Frem ya Leticia, chumba chake cha duka Mtaa wa Mchikichi, pale Kariakoo, alikouza ndoo na mabeseni kwa miaka kumi na mmoja, imeshachukuliwa na muuza mapazia. Mgongo wa Tarsis, kwa maneno yake mwenyewe, "ulistaafu kabla yangu."

Tarsis, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, alitoka Masasi akiwa kijana na kupata kazi Gerezani, mtaa ulio jirani na Kariakoo, kwenye yadi ambako malori ya kusini hupakia mizigo. Hakuwa kuli. Alikuwa mfungaji, na tofauti hiyo bado anaieleza kwa makini.

"Kuli anabeba, anaweka, anaondoka. Mfungaji ndiye anayelaumiwa lori likifika na mzigo umemwagika Mkuranga," anasema.

Kwa miaka ishirini na sita alifunga marobota ya nguo, magodoro, baiskeli, mabati, masufuria, na mara moja jeneza tupu lililowekwa juu ya matangi ya maji. Alisifika kwa fundo moja ambalo wenzake waliliita fundo la Tunduru, kwa sababu zamani, barabara ya Tunduru ilipokuwa mashimo matupu, ni fundo hilo pekee lililofika likiwa limekaza. Halikufunguliwa. Lilikatwa kwa kisu na anayepokea mzigo.

Siku nzuri ilimpatia shilingi elfu kumi na nane. Siku mbaya ilimpatia elfu sita na maumivu ya kiuno. Alipofikisha miaka hamsini na minne, daktari alimwambia aache kuinua chochote kizito kuliko ndoo ya maji. Tarsis alimuuliza daktari kama ndoo hiyo ni ndogo au kubwa.

Wazo la boti lilikuwa la Leticia. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wenye maduka madogo upande wa pili wa bahari, katika vitongoji vya Kigamboni vilivyo kando ya mkondo, ambako barabara huishia kwenye mikoko. Walifika Kariakoo asubuhi, wakanunua, wakazunguka na mizigo yao hadi jioni kabla ya kufika nyumbani.

"Nilikuwa nawauzia ndoo saa tatu, kesho yake wananiambia ndoo ilifika saa mbili usiku, tena imepasuka," anasema Leticia. "Nikamwambia Baba Joyce, hawa watu hawana shida ya ndoo. Wana shida ya njia."

Walipomwambia binti yao, Joyceline, ambaye ni mwalimu Masasi, aliwataka warudie habari hiyo kwenye simu. Kisha akauliza kama kuna yeyote kati yao anayejua kuogelea. Hakuwapo.

Kwa shilingi milioni saba na laki mbili, zilizotokana na frem, akiba ya Leticia na kiinua mgongo kidogo ambacho wenye yadi walimchangia Tarsis, walinunua boti kutoka kwa mzee Nassibu, aliyekuwa akiacha kazi. Ilikuwa na mashine ya kupachika nyuma iliyokwishatumika, makoti manne ya kujiokolea, na jina lililopakwa rangi ya kijani ubavuni: Ahsante Bibi. Hawakulibadilisha. Mzee Nassibu aliwaambia kwamba bibi huyo alikuwa mama yake, nao waliona si adabu kumfuta.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za vichekesho. Usukani wa mashine ile ni mkono mmoja wa chuma unaoshikwa ukiwa umekaa nyuma, na boti huelekea upande ulio kinyume na unakosukuma. Leticia alilizoea jambo hilo kwa siku mbili. Tarsis hajalikubali hadi leo.

"Unataka kulia, unasukuma kushoto. Mkokoteni hauna tabia hiyo," anasema.

Alipakia boti kama alivyopakia guta za Kariakoo, zile za magurudumu matatu za kubebea mizigo: vizito nyuma, vyepesi juu, mzigo ukipanda hadi kumzidi kimo aliye nyuma. Mbele ya boti ikainuka kama ng'ombe anayekataa kuingia josho. Leticia, aliyekuwa kwenye usukani, hakuona chochote isipokuwa katoni za tambi, na waliingia kwenye mikoko wakakaa humo saa mbili wakisubiri maji yajae, huku wakila maandazi ya mteja, ambayo baadaye waliyalipia.

Vichekesho hivyo viliisha Jumanne moja ya bamvua, zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Walikuwa na mzigo wa Mama Violeth, mwenye duka kubwa kuliko yote katika vitongoji vile: sukari, unga, sabuni, na trei ishirini za mayai. Saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa bado juu, Tarsis aliifunga boti gatini, mbele na nyuma, kwa kamba fupi, na kwa fundo analolijua kuliko jina lake. Aliikaza mpaka faiba ikalia. Kisha yeye na mkewe wakaenda Kariakoo kuchukua mchele.

"Niliondoka na amani kabisa," anakumbuka. "Nilijiambia, hapa hata ije tufani, haiendi popote."

Haikwenda popote. Maji ndiyo yaliyokwenda.

Waliporudi saa tano, bahari ilikuwa imeshuka zaidi ya mita mbili, na Ahsante Bibi ilikuwa ikining'inia kwenye nguzo kwa ubavu mmoja, kama koti lililotundikwa msumarini. Sukari ilikuwa imeshayeyuka. Unga ulitengeneza doa jeupe lililoelea hadi kwenye nguzo za mwisho. Mashine ilikuwa imeingiza kichwa majini. Watu walisimama gatini wakitazama, na hakuna aliyethubutu kugusa kamba, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza hata halionyeshi linaanzia wapi.

Aliyeshuka na kisu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne aitwaye Mboni, mpwa wa mzee Nassibu, ambaye huvusha soda na vifaa vya ujenzi kwa boti yake mwenyewe. Alifika mbele ya Tarsis, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani kafunga hivi?"

"Ni mimi. Ndilo fundo la Tunduru."

"Baba, hapa si Tunduru," Mboni alisema, na akakata.

Hasara ilikaribia shilingi laki tano na nusu, lakini wenyewe wanasema si fedha iliyowaumiza. Boti iliyoning'inia iliziba gati kwa nusu siku, na mashua ndogo iliyokuwa ikiingia iliponea chupuchupu kugongwa boti hiyo ilipoanguka baada ya kamba kukatwa. Uongozi wa gati uliandika taarifa. Kibali kikasimamishwa hadi wenye chombo wathibitishe, mbele ya mkaguzi, kwamba wanaweza kukifunga na kukiacha bila kuhatarisha watu. Walipewa wiki sita na nafasi moja.

Mama Violeth naye alipiga simu. Alisema hana ugomvi na mtu, ila yai lake halitaingia tena kwenye boti hiyo mpaka atakapokiona kibali kwa macho yake.

Ndipo Tarsis alipofanya jambo ambalo, kwa mwanamume wa umri wake aliyewafundisha vijana wengi Gerezani, si jepesi. Alimfuata Mboni nyumbani kwao na kumwomba amfundishe.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi kamba naijua, lakini naona hii ya kwenu ni nyingine," anasema.

Mboni anakumbuka vizuri zaidi. "Alikuja na kilo mbili za mchele na mkewe. Mzee akakaa kimya, mama ndiye akasema, huyu hajui kulegeza, mfundishe. Nikacheka, lakini moyoni nikaogopa. Mtu asiyejua kitu unamfundisha. Mtu anayejua kitu kingine kabisa, huyo ana kazi."

Kazi hiyo ilichukua kila asubuhi kwa wiki tano. Mboni aliwafundisha kwamba kamba ya mbele haifungwi kwenye nguzo iliyo karibu, bali hupelekwa mbali, hadi nguzo ya nne, na ya nyuma vivyo hivyo kwa upande wake, ili maji yakishuka boti ishuke nayo badala ya kuvutwa. Aliwafundisha fundo linaloshika kwa nguvu zote na bado hufunguka kwa kuvuta ncha moja. Tarsis alilijua siku ya kwanza. Kuliamini kulimchukua mwezi.

"Fundo linalofunguka kwa mkono mmoja, kwetu Gerezani, ni fundo la mtu aliyelewa," anasema.

Alikuwa akifunga vizuri, anaondoka, kisha anarudi kwa siri kukaza. Mboni alimkamata mara tatu. Mara ya nne alimpa adhabu ya kukaa gatini, mikono mapajani, akitazama kamba iliyolegea kuanzia maji yanapoanza kushuka hadi yanapoanza kupanda. Alikaa saa sita. Leticia alimpelekea wali pale pale.

Leticia alikuwa na somo lake. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na moja, katika darasa la jioni la elimu ya watu wazima, na hadi wakati huo alikuwa akisoma zaidi risiti na Biblia. Sasa alipewa kijitabu chenye jedwali la maji: kurasa nzima za tarehe, saa na vina vya maji, bila picha hata moja. Kila jioni, katika chumba chao cha Mchafukoge, aliweka kidole kwenye mstari wa kesho na kusoma kwa sauti. Kwa kuwa kitabu huandika saa kwa mtindo wa kuhesabu kuanzia usiku wa manane, ilimpasa kwanza aigeuze iwe saa ya Kiswahili, kisha aseme maji yatashuka kwa kiasi gani.

Kiasi hicho alikipima kwa mikono, kama wauza vitambaa wa Kariakoo wanavyopima, kamba ikinyooshwa kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi ncha ya vidole vya mkono wa pili, urefu uitwao pima. Aligundua kwamba bamvua kubwa hushusha bahari kwa karibu pima mbili na kitu. Tangu siku hiyo, kabla Tarsis hajagusa nguzo, Leticia humkatia hesabu. "Leo ipe boti pima moja na nusu ya kulegea," atasema. Tarsis hulalamika, kisha hutii.

Wakati wote huo waliishi kwa akiba kidogo iliyobaki, na kwa karanga ambazo Leticia alikaanga na kuziuza kwa madereva wa guta. Mashine ilifunguliwa, ikaoshwa chumvi, ikaunguruma tena wiki ya nne. Asubuhi hiyo Tarsis aliketi juu ya ndoo na kulia kidogo, jambo ambalo Leticia ndiye anayelieleza. Yeye anasema ulikuwa moshi.

Hivyo ndivyo walivyofika kwenye chai ya Alhamisi.

Mgahawa uko umbali wa kutembea dakika tano, na kutoka hapo gati halionekani. Mkaguzi amekaa kwa makusudi akiwa ameelekea barabarani. Mboni ameruhusiwa kuwapo kwa sharti la kutosema neno, kwa hiyo anatafuna pindo la kanga yake. Chai ya Tarsis imeshapoa.

"Maji yatafika chini kabisa saa ngapi leo?" mkaguzi anauliza, akimtazama Leticia.

"Saa tano kasoro dakika nane."

"Na sasa?"

"Sasa saa tatu na nusu. Bado yanakimbia."

Mkaguzi anaandika. Leticia anapumua. Ni wakati huo Zakayo anapoingia.

Zakayo ana miaka ishirini na tisa, ni dereva wa guta, na alikuwa mwanafunzi wa Tarsis kule yadini. Asubuhi hii alikuwa ameahidi kuleta gatini katoni tano zaidi kutoka Kariakoo, na amezifikisha. Anasalimia kila mmoja, anajifuta jasho, anavuta kiti.

"Mzee wangu, mambo yako si haba," anasema, akitabasamu. "Ila leo umeniangusha."

"Nimekuangusha nini?"

"Nimefika gatini nakuta kamba yako ya mbele imelegea, inacheza hivi. Nikasema mzee kapitiwa, na leo ndiyo siku yake. Nikakukazia. Nimepiga Tunduru moja safi, mwenyewe utaifurahia."

Mkaguzi anaweka kikombe chini. Mboni ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Lini?" Leticia anauliza.

"Kama nusu saa. Nimepitia kwanza kununua vocha. Kwani vipi?"

Leticia ameshafika mlangoni. Tarsis anamfuata, si kwa kukimbia, kwa sababu mgongo haumruhusu, bali kwa ule mwendo wa haraka wa watu wa yadi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Mkaguzi analipa chai za wote na kuwafuata nyuma. Zakayo anabaki akiuliza wahudumu amekosea wapi.

Gatini, Ahsante Bibi imeanza kuinua pua. Maji yameshuka kiasi cha urefu wa mkono tangu fundo lilipokazwa, na mbele ya boti imeshikwa juu huku nyuma ikizama. Katoni moja ya sabuni imeteleza na kuegemea trei za mayai. Bado hakuna kilichoanguka. Kila dakika, mbao za gati zinatoa mlio mdogo.

Leticia anaweka mguu mmoja pembeni ili aruke ndani.

"Usipande," Tarsis anasema. "Ukipanda sasa, inageuka na wewe."

"Mayai yanakwenda, Baba Joyce."

"Yaache. Nipe ile kamba ya akiba."

Analiinamia fundo. Ni fundo zuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kijana huyo kulikaza hivyo, zamu kwa zamu, miaka minane iliyopita. Analijua vya kutosha kutojaribu kulifungua. Anajua pia kwamba akilikata lilivyo, pua ya boti itaanguka ghafla, kama ilivyokuwa Jumanne ile, na mzigo wote utarukia majini.

Basi anaifunga kamba ya akiba kwenye pete ya mbele ya boti, anaileta juu, na kuizungusha kwenye nguzo mara tatu bila fundo lolote. Ncha yake anampa mkewe.

"Shika. Usifunge. Nikikata, uzito wote unakuja kwenye nguzo, si kwako. Wewe kazi yako ni kulegeza."

"Nalegeza kiasi gani?"

"Wewe ndiye mwenye kupima. Imebaki kiasi gani hapo?"

Leticia anatazama alama ya unyevu kwenye nguzo, kisha maji. "Nusu pima."

"Basi nusu pima. Kidogo kidogo."

Mboni, nyuma yao, amefumba macho. Mkaguzi ameyafumbua sana.

Tarsis anakata. Kamba iliyokazwa inaruka kama mjeledi, boti inashtuka, nguzo inalia, na kamba ya akiba inajikaza kwenye mizunguko yake mitatu na kushika. Kisha Leticia anaanza kuiachia. Kiganja kwanza. Kisha kingine. Pua ya Ahsante Bibi inashuka taratibu mno, hata inaonekana kama gati ndilo linalopanda.

"Kiganja kingine," anasema Tarsis.

"Naona."

"Usiharakishe."

"Baba Joyce, nyamaza."

Boti inakaa juu ya maji, inayumba mara moja, inatulia. Katoni iliyokuwa imeteleza inarudi nyuma kwa uzito wake na kukaa. Tarsis anaichukua ncha ya kamba kutoka kwa mkewe, anaipeleka hadi nguzo ya nne, na kuifunga kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Anaiacha imelegea. Safari hii hasemi kama inauma.

Zakayo amefika, amesimama akiwa na kofia mkononi. "Mzee, nilidhani naokoa."

"Najua, mwanangu. Hata mimi nilidhani hivyo."

Mkaguzi anaruka ndani ya boti na kukagua trei za mayai moja baada ya nyingine. Anachukua muda mrefu. Anapopanda tena gatini, anamwambia Mboni kwamba sasa anaweza kuongea, na Mboni anatema pindo la kanga yake.

"Ningekuja nikaikuta kamba imekaa vizuri, ningewapa kibali," mkaguzi anasema. "Lakini ningekwenda nyumbani bila kujua mngefanya nini siku ikikaa vibaya. Sasa najua." Anafungua karatasi zake. "Niandike nahodha ni nani?"

Tarsis anaelekeza kidevu kwa mkewe. "Mwandike huyo. Mimi ni wa kamba."

Leticia anaomba aisome karatasi kabla ya kutia saini. Anaisoma yote, akiwa amesimama juani, kidole kikitembea chini ya kila mstari, na mkaguzi anamsubiri hadi anamaliza. Kisha anaketi kwenye mbao za gati, miguu ikining'inia, na kusema wamwache kidogo.

"Wiki sita nilikuwa nalala nikisikia ile boti ikilia," anasema baadaye. "Alhamisi nililala saa mbili, nikaamka jua limetoka. Nilishtuka, nikadhani naumwa."

Jumamosi, saa tisa alasiri, maji yakiwa yanajaa, wanaanza kazi tena. Mzigo ni mdogo: mchele, mafuta, ndoo kumi na mbili, na trei kumi za mayai. Umepangwa chini na katikati, na Leticia anaona mbele bila kurefusha shingo. Wanapita mbali na njia ya meli, wanaingia mkondoni, na mji unabaki nyuma yao na kelele zake. Mikoko inasogea pande zote mbili. Mahali penye kina kifupi, Leticia anazima mashine, na Tarsis anasukuma kwa upondo, mti mrefu unaokita chini kwenye tope. Hilo daktari hakulikataza, kwa kuwa hakuulizwa.

Safari moja kama hii inawaingizia shilingi elfu hamsini na tano, na petroli hula kama elfu ishirini. Maji yakiruhusu, wataweza kufanya safari mbili kwa siku. Mwezi Machi Leticia atarudi kwa mkaguzi kuomba kibali cha kubeba abiria, ili wanawake wa vitongoji hivi waweze kwenda Kariakoo na kurudi na mizigo yao siku hiyo hiyo, kabla watoto hawajatoka shule. Ataulizwa habari za makoti ya kujiokolea, taa na namna ya kumwokoa aliyeanguka majini. Kwa sababu hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, yeye na Tarsis huenda ufukweni ambako Mboni huwafundisha kuogelea. Tarsis anasema anafika mbali. Mboni anasema anafika kiunoni.

Mama Violeth anawasubiri kwenye ukingo, mikono kiunoni. Ni mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karatasi iko wapi?"

Leticia anaitoa kwenye mfuko wa nailoni na kumpa. Mama Violeth anaisoma, anaigeuza upande wa pili ambao hauna kitu, anaisoma tena.

"Nahodha ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na huyu baba?"

"Wa kamba."

"Haya. Leteni mayai."

Tarsis anavua viatu, anakunja suruali na kushuka majini. Anapokea trei moja moja kutoka kwa mkewe na kuzikabidhi ukingoni, moja moja, mpaka zote kumi zinaisha. Mama Violeth anafungua ile ya juu, anachukua yai moja, analiinua juani, analirudisha. Anasema Jumatano atataka trei ishirini, kama zamani.

Tarsis anabaki amesimama ndani ya maji, yakiwa yamemfika magotini, akitazama trei zikipelekwa dukani na wanawake wawili wanaocheka jambo lao.

"Miaka ishirini na sita nimefunga mizigo ya watu Gerezani," anasema, "na sikuwahi kuuona hata mmoja ukifika. Lori linaondoka, mimi nafunga la pili. Sitaki boti mbili wala tatu. Nataka hii hii, na huyu nyuma kwenye usukani, ili kila siku niwe nauona mzigo unapofika."

Leticia anamwambia apande, maji hayatamsubiri. Tarsis anavuta ncha ya kamba kwa mkono mmoja, nayo inafunguka.